Kitufe cha Kuharakisha Saa: Historia Fupi ya Michezo ya "Bure"

Katika likizo iliyopita nilipakua kwenye simu yangu mchezo mmoja wa kuigiza maisha. Walionishawishi ni wanafunzi wangu, ambao huucheza wakati wa mapumziko na, kwa siri isiyo siri, wakati wa mihadhara. Mchezo ni wa bure. Unapewa mtu wa kubuni, unampa jina, unampangia chumba, unamtafutia kazi, unamlisha, unamlaza. Siku tatu za kwanza zilikuwa za furaha. Siku ya nne mambo yakaanza kukwama. Mtu wangu aliporudi kazini alikuwa amechoka, na usingizi wake ukahitaji saa nane za saa yangu ya ukutani. Jiko nililomnunulia lilihitaji saa sita kufungwa. Kila nilipotaka kumtoa nyumbani, tangazo la nusu dakika lilinitangulia mlangoni. Na kando ya kila kizuizi palikuwa na kitufe kidogo cha kijani: lipa, uendelee sasa.

Wiki ya tatu nililipa. Zilikuwa shilingi elfu mbili na mia tano, bei ya sahani ya wali na maharage. Nililipa ili mtu asiyekuwepo aamke mapema. Fedha hiyo haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mimi, ambaye kila muhula huwafundisha vijana namna ya kutambua maslahi yaliyojificha nyuma ya mambo yanayoonekana ya kawaida, nilikuwa nimebonyeza bila kujiuliza lolote.

Makala hii basi si malalamiko ya mchezaji aliyeshindwa. Ni jaribio la kujibu swali la kihistoria: nani aliamua kwamba usingizi wa mtu wa kuchorwa uchukue saa nane? Usingizi wetu sisi una sababu zake mwilini. Mahindi yana sababu ya kukaa miezi shambani. Lakini jiko la kwenye skrini halina fundi, halina msumari, wala halina saruji inayosubiri kukauka. Saa sita zile ziliandikwa na mtu, kama namba, naye angeweza kuandika sifuri. Nilidhani nimekutana na hitilafu ambayo mafundi hawajairekebisha. Baada ya kusoma historia ya michezo hii nimeridhika kwamba kero ile ilikuwa bidhaa yenyewe, na kwamba utengenezaji wake ulichukua zaidi ya miaka kumi.

Nyumba iliyoungua Oakland

Wazo la kumtunza mtu mdogo ndani ya kompyuta si geni. Mwaka 1985 kampuni ya Activision ya Marekani ilitoa mchezo ulioitwa Little Computer People, ambamo mchezaji alimtazama mtu anayeishi katika nyumba ya ghorofa, akamwachia chakula na kumwandikia ujumbe. Ulikuwa mchezo wa kustaajabisha, lakini haukuacha kizazi kikubwa nyuma yake.

Kizazi kilitokana na moto. Will Wright, mbunifu wa michezo aliyekuwa amejipatia sifa mwaka 1989 kwa mchezo wa kujenga miji uitwao SimCity, alikuwa na nyumba katika vilima vya Oakland, California. Mnamo Oktoba 1991 moto mkubwa ulivikumba vilima hivyo, ukaua watu 25 na kuteketeza maelfu ya nyumba, ya Wright ikiwemo. Katika kuanza maisha upya, alilazimika kujiuliza juu ya kila kitu kilichopotea: hiki nilikuwa nacho kwa ajili gani, na je, ninakihitaji tena? Swali hilo, pamoja na maandishi ya msanifu majengo Christopher Alexander kuhusu namna nyumba zinavyotumikia mahitaji ya watu, lilizaa wazo la nyumba ya wanasesere ndani ya kompyuta. Wakubwa wa kampuni yake ya Maxis hawakulipokea kwa shauku. Miaka mingi ikapita, Maxis ikanunuliwa na Electronic Arts mwaka 1997, na hatimaye, Februari 2000, The Sims ikaingia sokoni. Kufikia mwaka 2002 zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 6, na ukawa mchezo wa kompyuta uliouzwa zaidi kuliko yote iliyoutangulia.

Mchezo huo ulikuwa na dhihaka ndani yake. Watu wake walihangaika kazini ili wanunue makochi na televisheni, kisha vitu hivyo vikaharibika na kudai muda wa kuvitengeneza, na Wright hakuficha kwamba alikuwa akiucheka utamaduni wa kununua. Lakini kwa mada yetu, jambo la maana zaidi ni dogo sana. Kwenye skrini palikuwa na vitufe vya saa. Kimoja kilisimamisha wakati. Vingine viliuendesha kwa kasi ya kawaida, kasi kubwa, na kasi kubwa zaidi. Mtu wako akilala, ulibonyeza kitufe cha mwisho, na usiku mzima ukapita kabla hujamaliza kunywa chai yako.

Kitufe hicho hakikuwa na bei. Ulinunua mchezo mara moja dukani, na saa ikawa mali yako pamoja na nyumba na watu wake. Naomba msomaji akishike kitufe hicho, maana tutakirudia.

Yai la Tokyo na mikahawa ya Seoul

Saa ya ukutani iliingia katika michezo kwa njia nyingine. Mnamo Novemba 1996 kampuni ya Bandai ya Japani ilianza kuuza Tamagotchi, kifaa kidogo chenye umbo la yai, na ndani yake kiumbe cha nukta chache cheusi na cheupe. Kiumbe kilikula, kilichafua, kiliugua, na kilikufa kikisahauliwa. Hakikusubiri mtoto atoke shule, hivyo watoto wakaenda nacho darasani, na shule nyingi zikakipiga marufuku.

Tamagotchi ilifundisha jambo ambalo wafanyabiashara hawakulisahau: binadamu anaweza kuvipenda vinukta kiasi cha kupanga siku yake kwa ratiba yao. Hata hivyo, Bandai ililipwa mara moja tu, siku ya kununua. Kifaa kilikusumbua, lakini usumbufu wake haukuwa na kaunta ya kulipia.

Kaunta ilijengwa Korea Kusini. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa mwaka 1997, nchi hiyo ilieneza intaneti ya kasi kwa haraka, na mitaa ikajaa mikahawa ya kompyuta ambamo vijana walicheza kwa saa. Kuuza michezo kwenye diski kulikuwa kugumu, kwa kuwa nakala za wizi zilikuwa kila mahali. Kampuni kama Nexon, iliyoanzishwa mwaka 1994, zikageuza mpango mzima: mlango uwe wazi kwa wote, na ndani yake ziuzwe nguo, mitindo ya nywele na vifaa vya wahusika. MapleStory, mchezo wa mwaka 2003, ulikuwa mfano mashuhuri wa utaratibu huo.

Hapa ndipo neno "bure" lilipoanza kubadilika maana katika biashara hii. Lakini tuwe waadilifu: kilichouzwa Seoul wakati ule kilikuwa hasa vitu. Aliyenunua kofia alipata kofia, japo ya kuchorwa. Kuuza muda wenyewe bado.

Shamba lisilongoja

Mwezi Juni 2009 kampuni ya Zynga ya San Francisco ilifungua FarmVille ndani ya Facebook. Mchezaji alilima, akapanda, kisha akaambiwa arudi baada ya saa kadhaa au siku kadhaa kuvuna. Akichelewa, mazao yalinyauka. Aliyekosa subira aliweza kulipa. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mchezo huo ulikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi, idadi ambayo mataifa mengi hayana.

Mkulima yeyote wa Iringa au Kitale angeshangaa kuliona shamba hilo. Kwake yeye, kungoja kunatokana na mvua na udongo, na hakuna anayeweza kumuuzia njia ya kukwepa. Ndiyo maana lugha yetu ikasema subira huvuta heri: kungoja ni fadhila kwa sababu hakuna mtu aliyekuwekea kungoja huko ili afaidike nako. Zynga ilichukua umbo la kilimo na kuacha sababu yake. Kilichobaki ni saa tupu, na mwenye saa.

Mwalimu mmoja aliliona hilo mapema. Ian Bogost, mhadhiri wa Georgia Tech katika mji wa Atlanta, alitengeneza mwezi Julai 2010 mchezo wa kejeli ulioitwa Cow Clicker. Ulikuwa na ng'ombe mmoja. Ulimbonyeza mara moja, kisha ukangoja saa sita ndipo umbonyeze tena. Ukitaka kuruka saa hizo sita, ulilipa. Hapakuwa na kitu kingine. Bogost alikusudia kuwaonyesha watu jinsi michezo ya aina ile ilivyokuwa mitupu. Badala yake watu zaidi ya 50,000 wakaucheza, wengine kwa kejeli, wengine kwa dhati, na wapo waliolipa. Mwezi Septemba 2011 aliwaondoa ng'ombe wote, akaacha nafasi zao tupu. Hata baada ya hapo, wapo waliorudi kubonyeza mahali ng'ombe alipokuwa.

Kitufe kinahamishiwa kwenye kaunta

Wakati huohuo simu ilikuwa ikigeuzwa kuwa duka. Kampuni ya Apple ilifungua duka lake la programu mwezi Julai 2008. Juni 2009 iliruhusu mauzo kufanyika ndani ya programu, lakini kwa zile tu ambazo mteja amekwisha kuzilipia. Oktoba 2009 ikaondoa sharti hilo: hata programu ya bure ikaruhusiwa kuuza vitu ndani yake. Mabadiliko hayo yalikuwa ya kiutawala, ya mistari michache, na naamini hakuna uamuzi mwingine ulioigeuza biashara ya michezo kuliko huo.

Matokeo yalionekana haraka. Mwaka 2010 ulitoka Smurfs' Village, mchezo wa watoto ambamo matunda ya kubuni yalitumika kuharakisha kazi za kijiji. Februari 2011 gazeti la Washington Post lilisimulia habari za binti wa miaka minane aliyetumia dola 1,400 za wazazi wake kwa ununuzi wa aina hiyo. Hakuiba. Alibonyeza alipoelekezwa kubonyeza.

Mwezi Desemba 2011 Electronic Arts ikatoa The Sims FreePlay kwa ajili ya simu. Walikuwa watu walewale, nyumba zilezile, lugha yao ileile isiyoeleweka. Lakini vitufe vya saa havikuwepo tena. Kulala kulifuata saa halisi. Bustani ilifuata saa halisi. Nyumba ilijengwa kwa saa halisi, na mji wako ukikua, kungoja nako kukakua. Ukitaka kuharakisha, ulitumia pointi maalumu ambazo ungeweza kuzichuma kidogo kidogo, au kuzinunua.

Tuviweke pamoja vitu hivi viwili. Mwaka 2000 kitufe cha kuharakisha saa kilikuwa haki ya kila aliyenunua mchezo. Mwaka 2011 kitufe kilekile kilikuwa kinauzwa, kipande kwa kipande, bila kikomo, kwa aliyeambiwa kwamba mchezo ni wa bure. Hakuna kilichovumbuliwa kati ya miaka hiyo kilicholazimu mtu wa kuchorwa alale muda mrefu zaidi. Kilichotokea ni kwamba mali ya mchezaji ilichukuliwa kwanza, ndipo akauziwa.

Wala alichokinunua hakikuwa chake. Agosti 2011 kampuni hiyohiyo ilikuwa imefungua The Sims Social ndani ya Facebook. Tarehe 14 Juni 2013 ikaufunga. Nyumba zilizopambwa kwa miezi mingi, na kwa wengine kwa fedha taslimu, zilitoweka seva zilipozimwa. Tamagotchi ilikufa mikononi mwa mtoto aliyeisahau. Hapa mtunzaji alikuwa bado anatunza.

Sheria zilipofika

Dola hazikulala kabisa. Mwezi Mei 2012 Shirika la Masuala ya Walaji la Japani lilitangaza kwamba aina mojawapo ya bahati nasibu za ndani ya michezo, ile ya kumlazimu mchezaji akusanye seti nzima ya zawadi za kubahatisha ili apate zawadi kuu, ni kinyume cha sheria. Januari 2014 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na Apple kurejesha si chini ya dola milioni 32.5 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu bila idhini. Septemba mwaka huo Google nayo ikakubali kurejesha si chini ya dola milioni 19. Novemba 2014, baada ya shinikizo la Umoja wa Ulaya juu ya matumizi ya neno lenyewe, Apple iliacha kuandika "bure" kwenye kitufe cha kupakulia programu. Mwaka 2018 Ubelgiji ikayahesabu masanduku ya kubahatisha kuwa kamari.

Ukizitazama hatua hizi kwa pamoja utaona zinalinda mambo matatu: mfuko wa mzazi, mtoto dhidi ya kamari, na usahihi wa bei. Yote ni mema. Lakini zinalinda pochi na kuiacha saa. Mtu mzima anayebanwa na kungoja kulikotengenezwa makusudi, akalipa kwa hiari yake kama nilivyolipa mimi, hakuguswa na sheria yoyote kati ya hizo.

Ninachofahamu kilichokaribia kuligusa jambo hilo ni uamuzi mdogo wa Uingereza. Julai 2014 chombo cha kusimamia matangazo ya biashara nchini humo, ASA, kilitoa uamuzi juu ya lalamiko dhidi ya tangazo la mchezo wa Dungeon Keeper, nao wa Electronic Arts, uliotangazwa kuwa wa bure. Kampuni ilijitetea kwamba mchezaji angeweza kufika popote bila kulipa senti. ASA ilikubali kwamba hilo lawezekana, lakini ikasema kwamba vipindi vya kungoja vilikuwa vingi na virefu kuliko mtu wa kawaida angetarajia, hata mchezo ukawa umebanwa mno kwa asiyelipa. Tangazo likaamriwa lisitolewe tena katika umbo lile. Huu ulikuwa uamuzi wa busara kuliko mingi iliyopata sifa, kwa sababu uliuliza swali ambalo wengine hawakuuliza: je, kitu ambacho kimekusudiwa kukukera mpaka ulipe, ni cha bure? Lakini mamlaka ya ASA huishia kwenye tangazo. Mchezo wenyewe, na saa zake, ukabaki ulivyo.

Hoja ya upande wa pili

Si haki kuipita hoja ya wanaoitetea biashara hii, nayo ina uzito. Mchezo wa kompyuta unaouzwa kwa dola 50 haumfikii mwanafunzi wa Mbeya au Kisumu. Mchezo wa bure unamfikia. Wachezaji walio wengi hawalipi kabisa. Gharama zao hubebwa na wachache wanaolipa sana, ambao katika lugha ya biashara hiyo, iliyoazimwa kwenye nyumba za kamari, huitwa nyangumi. Na wabunifu, wachoraji na waandika programu nao wana nyumba za kulipia kodi. Kwa nini basi mtu aliyeburudishwa bila malipo alalamike?

Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo, isipokuwa neno moja: bila malipo. Anayelipa na asiyelipa wote wanakutana na kero ileile, kwa kuwa kero haiwezi kuwekwa kwa nyangumi peke yake. Ili mmoja kati ya wengi aufungue mfuko wake, wote lazima wangojeshwe, wote waitwe na simu usiku kwamba jiko liko tayari, wote watazame matangazo. Asiyelipa fedha amelipa usikivu wake. Amelipa usingizi. Amelipa nusu ya mhadhara. Na jina linaloniudhi zaidi ni hilo la nyangumi, maana linatuambia jinsi mteja anavyotazamwa na wanaomhudumia. Nyangumi huwindwa.

Kiswahili kinalo jambo la kutufundisha hapa. Neno letu "bure" hubeba maana mbili. Kitu cha bure ni kisicho na malipo, na kazi ya bure ni isiyo na faida. Tunasema nimepewa bure, na tunasema nimehangaika bure. Wahenga hawakuuona uchumi wa programu za simu, lakini waliziacha maana hizo mbili zikae katika neno moja, kana kwamba walijua kuna siku tutapewa bure ili tuhangaike bure.

Nasi je?

Kwa nini niandike haya katika ukurasa ambao kwa kawaida hujadili katiba, ardhi na mishahara? Kwa sababu biashara hii sasa ni sehemu ya maisha ya vijana wetu, na serikali zetu zimekwisha kuitambua, lakini kwa upande mmoja. Kenya ilianza kutoza kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 1.5 Januari 2021. Tanzania ilifuata Julai 2022 kwa asilimia 2 kwa watoa huduma wasio wakazi. Sipingi kodi hizo. Kampuni inayochuma hapa ilipe hapa. Ninachosema ni kwamba tumeijua biashara hii kama chanzo cha mapato kabla ya kuijua kama uhusiano kati ya mwenye nguvu na asiye na nguvu.

Sheria tunazo. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 nayo inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha. Ya kwanza ilitungwa miaka mitano kabla ya duka la programu la Apple kufunguliwa, na ya pili mwaka mmoja baada ya kitufe chetu kuhamishiwa kwenye kaunta. Hazikuandikwa kwa ajili ya saa zinazouzwa, lakini kosa la kupotosha halizeeki. Mtumishi wa umma anayesoma makala hii anaweza kuuliza, kwa kutumia vifungu vilivyopo, kama alivyouliza yule msimamizi wa matangazo wa Uingereza: je, neno "bure" linaloonyeshwa kwa mlaji wetu lina ukweli?

Wanaharakati nao wana la kudai, na si jambo kubwa. Mchezo unaouza muda useme hivyo kabla ya kupakuliwa, kwa lugha ambayo mpakuaji anaielewa. Uoneshe jumla ya fedha ambazo mchezaji amekwisha kutumia tangu alipoanza, kama kitabu cha mwenye duka kinavyoonyesha deni la mteja. Na mtu mzima aweze kujiwekea kikomo ambacho mchezo hautakivunja kwa ushawishi wa usiku wa manane. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomnyima mbunifu mshahara wake.

Kwa wanafunzi wangu sina amri, maana mwalimu aliyenunua usingizi wa kikaragosi hana mimbari ya juu. Nina ombi la kisomi tu. Kila mnapokutana na kungoja, iwe kwenye simu, kwenye foleni ya ofisi, au kwenye ahadi ya mwanasiasa, ulizeni kama kungoja huko kunatokana na mvua na udongo, au kumewekwa na mtu. Kungoja kwa aina ya kwanza kunatutaka subira. Kwa aina ya pili kunatutaka tumtafute aliyeandika namba, na tumuulize angepungukiwa nini kama angeandika sifuri.

Jana usiku niliufungua ule mchezo kwa mara ya mwisho kabla ya kuufuta. Mtu wangu alikuwa amelala, na kitufe cha kijani kilikuwa pale pale. Nilimtazama kidogo. Kisha nikazima simu, nami nikaenda kulala saa zangu nane, ambazo hakuna aliyenipangia bei.